Mstari wa Nne kwenye Nguzo ya Pangaboi

Nilipobandua tangazo la kwanza kwenye ile nguzo nilikuta la pili, na chini ya la pili nikakuta la tatu. La kwanza lilikuwa la mganga anayerudisha mume ndani ya siku tatu. La pili la mikopo ya haraka isiyo na dhamana. La tatu la bwana mmoja aliyegombea udiwani zamani akashindwa, ila sura yake ilikuwa bado inacheka. Chini ya cheko hilo ndipo nilipokuta majina ya watu waliokufa.

Sikusimama pale kwa uzalendo, nisijipambe. Kirikuu yangu ilichemsha maji nikaipaki kando, kati ya Runzewe na Katoro, marobota ya mashuka na vitenge yakiwa nyuma na mnada ukinisubiri mbele. Nguzo yenyewe ni ya saruji, inanifika kifuani, na juu yake kumechomekwa kipande cha panga la ndege kilichopinda kama kijiko kilichokaliwa. Wenyeji wanaiita Nguzo ya Pangaboi. Kwa miaka mingi nilikuwa naipita kila wiki nikidhani ni bikoni, zile nguzo za kuonyesha mpaka wa leseni ya kuchimba dhahabu. Na si mimi tu. Chini yake palikuwa na shimo la kina cha goti, limechimbwa na watu walioamini kwamba Mjerumani alifukia mali hapo. Ni Mjerumani gani huyo aliyefukia mali chini ya panga la ndege ya vita vya Kagera, sikupata wa kunieleza.

Majina yalikuwa manne, yameandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, chini ya maneno machache kuhusu ndege iliyoanguka ikitokea vitani. Nikayahesabu, kisha nikayahesabu tena, ndiyo tabia yangu. Hata nikivuliwa jino nitapitisha ulimi kuhakikisha limetoka moja. Sitayaandika hapa. Wenyewe hawapo wa kuniruhusu, na ndugu zao, kama utakavyoona, walishagombana vya kutosha.

Nilichemka kuliko gari. Watu wanne wameanguka na ndege wakitokea vitani, na sisi tumewabandikia mganga usoni. Nikaendelea kukwangua kwa ufunguo, nikiongea peke yangu kama mwendawazimu, ndipo niliposikia sauti nyuma yangu.

"Umekwangua vizuri," ilisema. "Ila wangu hayumo."

Alikuwa mama mtu mzima, umri wa mama yangu angekuwa hai, amekaa kwenye kigoda kando ya barabara na sinia la michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kukaushwa juani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba kwa upole wa mtu ambaye hana haraka. Nikaomba maji ya gari, akanipa. Nikaona ni adabu kununua michembe, na kwa kuwa nimezaliwa hivi, nikaanza kushusha bei. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mbuzi aliyeingia kanisani. Hakupunguza. Nikanunua kwa bei yake, jambo ambalo halijawahi kunitokea kabla ya hapo Katoro nzima, na nikajua huyu ni mtu wa kumsikiliza.

Alichonieleza ni hiki. Kaka yake alikuwa fundi wa ndege jeshini, na alikuwa ndani ya ile ndege. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa ameolewa mbali, kusini huko. Nyumbani kwao ilifika barua kwamba kijana wao amefariki akiwa kazini, basi. Wapi na vipi, barua haikusema. Miaka ikapita mpaka askari mmoja mstaafu alipomwonyesha ni barabara gani na ni uwanda upi. Mume wake alipofariki akafunga mizigo, akaja kuishi hapo. Hakuwa na shamba wala ndugu. Alikuja kukaa karibu na kaka yake. Akafika akakuta nguzo imeshajengwa, majina yameshaandikwa, na la kaka yake halipo.

"Sasa mama, umewaambia wenye nguzo?" nikamuuliza.

"Kila mwaka. Wananiambia hesabu imetimia."

Akatoa picha kwenye khanga. Ilikuwa ndogo, imefifia pembeni, lakini nyuso zilionekana: wanaume wanne wamesimama chini ya bawa la ndege. Wa kwanza kutoka kushoto amevaa miwani ya jua, rubani. Wa pili mrefu, mikono nyuma. Wa tatu mfupi, masikio makubwa, kofia mkononi. Wa nne ana spana mfukoni, anatabasamu nusu kama mtu aliyeitwa kwenye picha akiwa katikati ya kazi. Huyo wa spana ndiye kaka yake. Ilitumwa nyumbani siku chache kabla ya barua ile, na nyuma yake kaka yake alikuwa ameandika kwamba hawa ndio wenzake na hii ndiyo ndege yao.

Nikaihesabu: wanne. Nikahesabu tena. Nguzoni majina manne, pichani watu wanne, na mmoja wa pichani hayumo nguzoni. Katika biashara jambo kama hilo lina maana moja tu, kwamba kuna kitu kimehesabiwa mara mbili. Ila siku ile sikulisema. Nilipiga picha ile picha kwa simu, nikaenda mnadani, na nilishindwa kupatana bei na mteja hata mmoja.

Tangu siku hiyo nikawa nasimama kwenye kila mnara wa vita ninaoupita, kuanzia Shinyanga mpaka Geita. Mara ya kwanza nilihesabu sita, mara ya pili saba, kwa sababu mmoja ulikuwa nyuma ya banda la chipsi. Mmoja umefungiwa kamba ya kuanikia nguo, na siku niliyopita shujaa alikuwa amefunikwa na shuka. Nikalikagua, halikuwa langu. Mwingine bodaboda wanauegemea wakisubiri abiria. Nilipomuuliza mmoja wao mnara ule ni wa nini, alijibu kwa heshima zote, "Wa kivuli, mama." Na Siku ya Mashujaa nilienda makusudi kwenye sherehe moja ndogo. Turubai lilikuwepo, viti vyenye vitambaa, soda, hotuba ndefu. Neno mashujaa lilitajwa kila baada ya sentensi mbili. Jina la shujaa halikutajwa hata moja. Nilikaa mpaka mwisho nione, labda watalitaja wakati wa kushukuru. Walimshukuru mwenye spika.

Ndipo nikaenda kwa katibu wa kamati ya Nguzo ya Pangaboi. Kamati hiyo ni ya wenyeji wenyewe, ndiyo iliyojenga nguzo wakati ule, na katibu wa sasa ameurithi ukatibu kwa baba yake pamoja na daftari. Ni mtu safi, kalamu tatu mfukoni. Alinipokea vizuri mpaka nilipotaja michembe.

"Yule mama namfahamu," akasema. "Mama yangu, tuongee kama watu wazima. Walianguka wangapi?"

"Wanne."

"Wazee waliozitoa maiti walitoa ngapi?"

"Nimewauliza wawili, kila mtu peke yake. Nne."

"Na majina pale mangapi?"

"Manne."

Akafunga daftari. "Basi unataka nini tena? Hesabu imetimia."

Nimefanya biashara na watu wa kila aina, waliowahi kuniuzia shuka moja limekunjwa kama mawili, lakini sijawahi kuona mtu anayetumia hesabu sahihi kufunga mlango namna ile. Na alikuwa na jipya: barabara inapanuliwa, nguzo itasogezwa, na msamaria mmoja amejitolea jiwe zuri la kuchongwa badala ya saruji. Orodha ya majina inakwenda kwa mchongaji Ijumaa ya wiki inayofuata. Likishachongwa, limechongwa. Jiwe lina nafasi ya mistari minne.

Nikamwomba tu aniambie majina yale manne yalipatikana wapi. Hilo halikumuudhi. Mawili ya kwanza, rubani na msaidizi wake, yalitokana na karatasi zilizookotwa kwenye mabaki ya ndege. Hao walikuwa watu wa mbali. La tatu lililetwa na familia moja ya Ushetu, waliokuja kulia pale na kuacha jina la mtoto wao. La nne lililetwa baadaye na familia nyingine ya upande wa Shinyanga, nao wakalia, wakaacha la kwao. Hapo kamati ikaona yametimia manne na ikafunga kitabu. Akaniandikia vijiji vyote viwili. Nadhani alitaka nichoke.

Nilianza Ushetu, siku ya pili yake. Nilimkuta mzee wa zaidi ya miaka themanini, mdogo wa mwisho wa mama wa marehemu, yaani mjomba wake, amekaa mlangoni mwa bani la kukaushia tumbaku akipanga majani. Nikampa mwangaluka yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, naye akanijibu na kuniuliza habari za ng'ombe nisio nao na mvua isiyonihusu, mpaka tukafika kwenye habari yenyewe. Nikamwonyesha simu. Hakuhitaji miwani. Aliweka kidole chenye nta ya tumbaku juu ya yule mfupi wa masikio makubwa.

Akaniambia kijana huyo alizaliwa na kulelewa hapo hapo, kwa babu yake mzaa mama. Baba yake hakuwahi kuleta ng'ombe wa mahari, na kwa Wasukuma hilo linajulikana: mtoto ni wa nyumba aliyozaliwa mama. Wakampa jina la babu huyo. Shule alisoma kwa jina hilo. Habari za msiba zilipofika walilia siku zao, wakanyoa nywele, wakaja nguzoni kuliacha jina.

"Na upande wa baba?" nikauliza.

Akarudi kwenye tumbaku yake. "Hao hawakuja kulia," akasema.

Kutoka hapo sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kijiji cha pili, nje kidogo ya Shinyanga. Huko nilimkuta mzee wa miaka sabini na kitu, mfugaji, mwenye fimbo na maneno machache, kaka wa baba mmoja wa yule marehemu wa jina la nne. Nikampa simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaweka kidole.

Yule mfupi. Masikio makubwa.

Nikamwambia, "Mzee, samahani, weka tena." Akaweka tena. Nikamgeuzia simu juu chini kama mchezo wa karata, nikamwambia aweke mara ya tatu, na hapo akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya ndugu yake au kumpima macho.

Nikamtajia lile jina la Ushetu. Sikutegemea alichofanya: hakushangaa. Alisema ndiyo, hilo ndilo jina alilopewa ujombani. Kwao alipewa jingine, la ukoo wa baba, siku alipokuwa mkubwa akaja kumtafuta baba yake na kupokewa. Jeshini alikuwa akitumia lipi, kila upande una hakika yake. Na yeye huyu mzee, alipokuja nguzoni miaka ile, alilikuta jina la ujombani limeshaandikwa.

"Sasa kwa nini ukaandikisha la pili, mzee wangu?"

"Niliona wamemchukua akiwa hai, wamemchukua na akiwa amekufa. Nikasema, na la kwetu liwepo."

Nataka kuwa mkweli kuhusu hasira yangu ya dakika ile. Nilitaka kumpiga na simu yangu mwenyewe. Miaka yote ile mama mtu mzima amekaa juani anaambiwa hesabu imetimia, na iliyotimia ni ugomvi wa mashemeji. Mtu mmoja amepata mistari miwili kwa sababu nyumba mbili haziongei, na fundi aliyekuwa na spana mfukoni amebaki nje. Nikamwambia yote. Nikamwonyesha yule wa nne pichani. Nikamweleza dada yake anakaa wapi, kwenye kigoda gani, na anauza nini.

Mzee akamsukuma ng'ombe aliyekuja kumnusa bega. Kisha akasema polepole, "Sikujua kuna mtu nimemkalia."

Nikadhani tumemaliza. Mimi mjinga. Nilipomwomba aje akubali jina lifutwe, akakataa. Kulifuta ni kumwambia marehemu kwamba hakuwahi kupokewa kwa baba yake. Lifutwe la ujombani. Nikampigia mjomba simu. Naye akasema lake haligusiki, lilitangulia, na zaidi ya hapo ni la babu. Katibu nilipompigia alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi, akasema kamati haina uwezo wa kumwondoa shujaa yeyote. Kama kuna mstari wa kufuta, familia inayohusika iweke dole gumba mbele yake, kabla ya Ijumaa.

Hapo sasa tukafika kwenye kazi ninayoijua.

Wazo langu lilikuwa jepesi. Kwenye misiba ya huku mtu hutangazwa kwa majina yake yote mawili: kanisani tulimwita hivi, nyumbani tulimwita hivi. Hakuna anayedhani ni maiti mbili. Basi naye aandikwe hivyo hivyo, majina mawili mstari mmoja, mtu mmoja. Mstari wa nne unabaki kwa fundi. Wazee wote wawili walikubali, kila mmoja kwa sharti lake. Yule kaka wa Shinyanga alitaka la baba litangulie. Mjomba alikubali litangulie lolote, lakini upande wa baba uje Ushetu kulia msiba ambao haukuja kuulia. Siku nne.

Nikamwambia mjomba siku nne ni nyingi kwa mtu mwenye ng'ombe. Akasema tatu. Nikasema hiyo ni bei ya kwanza, anipe bei ya mwisho. Akasema mbili, na nisimfanye mnada. Nikarudi kwa kaka na siku mbili mkononi. Akasema hata siku moja hakanyagi Ushetu, wao waje kwake kwanza, kwa sababu wao ndio waliomficha mtoto. Nikarudi kwa mjomba. Siku moja? Asubuhi mpaka jioni? Kwa simu nilimsikia anapumua. Nikashuka bei mwenyewe kabla hajajibu, jambo ambalo mfanyabiashara hafanyi: mlo mmoja. Wakae mkeka mmoja, wale sahani moja, basi. Akauliza, "Mkeka wa nani?"

"Si wako, si wake. Wa yule mama."

Hilo likakubalika. Kuhusu jina litakalotangulia, niliwaambia wote wawili kwamba nitaandika kufuatana na alivyoyapata: alizaliwa kwanza, akapokewa baadaye. Kaka alinung'unika lakini hakuwa na hoja. Hata yeye alikubali kwamba mtu huzaliwa kwanza.

Alhamisi nikaenda kuwachukua. Sasa kirikuu ina kiti kimoja tu cha abiria, na hakuna mzee kati ya wale aliyekubali kukaa nyuma kama robota. Nilimchukua kaka Shinyanga alfajiri, nikamchukua mjomba Kahama aliposhukia basi la Ushetu, nikawabana wote wawili mbele, magoti yao yakigusana na gia yangu ikiwa katikati ya ugomvi wa miaka arobaini na kitu. Walisalimiana kama watu wanaosaini hati. Kabla ya Ushirombo mjomba akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba kijana yule alikuwa anapiga mluzi mpaka mbuzi wanamfuata. Kaka akasema si mbuzi, ni ng'ombe. Mjomba akasema mbuzi. Walibishana mluzi ule mpaka Runzewe, na nilipowaangalia, kaka alikuwa ameinamisha kichwa na mjomba amemshika goti ili abishane vizuri zaidi.

Yule mama alikuwa ameweka mkeka nyuma ya kigoda chake, hatua chache kutoka nguzoni. Ugali, nsansa, yaani yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na maziwa ya mgando. Aliwapokea kwa goti, akawanawisha mikono. Wakala sahani moja. Malori yalikuwa yanapita yanatutimulia vumbi na hakuna aliyelalamika. Walipomaliza alitoa ile picha, picha yenyewe na si ya simu, akaiweka katikati ya mkeka. Wale wazee wakainama. Hapo ndipo nilipoona kaka anagusa uso wa yule wa spana kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu, kama anaomba njia.

"Wenu mmemlilia mara mbili," yule mama akasema. "Wangu hapa hajaliliwa hata mara moja. Nipeni mstari."

Mjomba aliomba ile karatasi niliyoiandika.

Tukaenda wote wanne kwa katibu, mimi na mama mbele, wazee wawili nyuma, ambako safari hii walikaa bila kubembelezwa. Katibu alitoa wino. Waliweka madole gumba. Aliisoma karatasi, akakunja uso, akasema sasa majina yamekuwa matano na waliokufa ni wanne. Nikamweleza. Nikamweleza tena kwa vidole. Nikamwambia asome kwa sauti mstari kwa mstari, mara mbili, na mara ya pili alisoma kwa sauti ya mtu anayeonewa. Mstari wa kwanza rubani, wa pili msaidizi wake, wa tatu mtu mmoja mwenye majina mawili, wa nne fundi. Akasema ameelewa. Akagonga muhuri.

Jiwe liliwekwa wiki chache baadaye, ng'ambo ya mtaro mpya. Nilifika siku ya mnada kama kawaida yangu. Ni jiwe zuri kweli, jeusi, linang'aa, lile panga la ndege limerudishwa juu yake na kupigwa rangi. Mistari minne, imechongwa kwa kina. La kaka wa yule mama lipo la mwisho, herufi zote, nilizihesabu. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, ambapo karatasi yetu haikuwa na neno lolote, kamati imeongeza kichwa cha habari: MASHUJAA WATANO WA NDEGE.

Nikahesabu mistari tena: minne. Watano. Yule bwana alisoma mara mbili, akaelewa, akagonga muhuri, kisha akakaa peke yake na kalamu zake tatu akahesabu majina. Tumemtoa mtu mmoja aliyehesabiwa mara mbili kwenye saruji, akarudi na kuhesabiwa mara mbili kwenye jiwe, na jiwe halikwanguliwi kwa ufunguo.

Yule mama alikuwa amesimama kando yangu. Hajui kusoma, barua zake zote alisomewa. Akaniomba nimsomee.

Nikamsomea kuanzia mstari wa kwanza. Alifuata kwa kiganja, akigusa kila mstari nilipoutaja, na kwenye wa nne kiganja chake hakikuondoka. Kilikaa pale muda ambao lori zima la pamba lilitumia kupita.

"Wanne," akasema. "Sasa imetimia."

"Imetimia, mama."

"Na hayo makubwa ya juu?"

Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili nilimwambia yanasema wale ni mashujaa wa ndege. Akatikisa kichwa kukubali, akasema wabeja, yaani asante, akarudi kwenye kigoda chake. Nikanunua michembe, kwa bei yake. Kisha nikageuza kirikuu, marobota yangu yakiwa hayajafunguliwa na mnada ukinisubiri upande mwingine, nikaenda kumtafuta katibu.